Neno "duane" pale Kasumbalesa: somo la lugha katika mji wa mpaka

Tunapojifunza maana za maneno darasani, mifano yetu mingi hutoka katika kamusi. Katika makala hii ninachukua mfano mmoja kutoka Kasumbalesa, ili nionyeshe kwamba neno lenye maana nyingi linaweza kumla mfanyabiashara mdogo faida ya siku nzima.

1. Mji wenyewe

Kasumbalesa iko katika jimbo la Haut-Katanga, kwenye barabara ya taifa namba 1, mwendo wa kilometa zipatazo 90 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ni Copperbelt ya Zambia, na mji wa karibu ni Chililabombwe. Mwaka 1894 Uingereza na Dola Huru ya Kongo zilipatana juu ya mpaka huu, ambao kwa sehemu kubwa hufuata mwinuko unaogawa maji ya mto Kongo na ya Zambezi. Walamba wakajikuta pande zote mbili.

Shaba na kobalti hutokea hapo kwenda bandarini, Dar es Salaam na Durban. Bunga la mahindi, salfa na vifaa vya migodi huingilia hapohapo. Agosti 2024, baada ya Kongo kukataza vinywaji fulani kutoka nje na wasafirishaji wa Kongo kuandamana, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Kila jiko la Lubumbashi linalopika bukari lilikuwa na sababu ya kufuatilia habari hiyo.

2. Lugha zinazokutana

Karatasi za upande wetu huandikwa kwa Kifaransa, na za Zambia kwa Kiingereza. Lakini bei hupatanwa kwa Kibemba na kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha namna mbili. Dereva aliyetoka Tanzania husema "unga", "pesa" na "forodha". Mwenyeji wa Lubumbashi husema "bunga", "makuta" na "duane". "Bunga" linafanana na "ubunga" la Kibemba, kwa hiyo Mzambia hulielewa mara moja. "Makuta" ni ukumbusho wa sarafu za wakati wa zaire: fedha zenyewe zimekwisha, jina limebaki. Maneno hayo hayaleti shida, kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele ya macho ya wote wawili.

3. Shida ya "duane"

"Duane" ni tofauti. Katika maongezi ya pale nimesikia likitumika kwa mambo matatu: mahali ("niko ku duane"), mtumishi ("duane ameniita") na malipo ("nimelipa duane"). Katika maana hii ya tatu, malipo yote ya mpakani huingia katika gunia moja.

Sasa tutazame kanuni. Kongo na Zambia zote ni wanachama wa COMESA, ambayo ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iliyo katika orodha ya pamoja, ikiwa thamani yake haipiti kiwango kilichowekwa, husamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ada za huduma hazifutwi na msamaha huo.

Tuseme mama mmoja anavuka na bidhaa za namna hiyo. Ameambiwa: "Kwa hii hakuna duane." Msemaji alimaanisha ushuru wa forodha, mama akasikia kwamba halipi kitu. Akidaiwa ada halali, ataona anaibiwa. Kesho yake mtu asiye na haki yoyote anamwambia: "Lipa duane." Mama atalipa, maana hana neno la kumuuliza: duane gani? Penye neno moja tu, halali na wizi huvaa nguo moja. Asiyetaka mabishano hayo hupitia njia za porini, na huko akinyang'anywa mzigo hana pa kushtaki.

4. Kazi yetu

Najua wenzangu wengine watasema shida ni njaa ya watu na si msamiati. Nakubali kwamba kamusi haizuii rushwa. Lakini mtu hawezi kudai risiti ya kitu asichoweza kukitaja.

Napendekeza kitivo chetu kiandae ukurasa mmoja wa maneno ya mpakani, kwa Kiswahili cha hapa na kwa Kibemba, wenye Kifaransa na Kiingereza pembeni. Tusimfukuze "duane" ili tumwingize "forodha". Watu hawataacha neno lao. Tuligawe: "ofisi ya duane" kwa mahali, "mtu wa duane" kwa mtumishi, "ushuru wa duane" kwa malipo ya bidhaa kuingia, na "ada" kwa malipo ya huduma, pamoja na jina la huduma yenyewe. Kisha tuwasomee akina mama wa soko la Kasumbalesa ukurasa huo kabla ya kuuchapa. Neno watakalolikataa, tulifute.