Mama mkwe amevimba, nami naambiwa namnyima chumvi

*Shangazi, mama mkwe wangu anaugua figo. Daktari alisema tumpunguzie chumvi, nikapunguza. Mawifi wanasema namtesa mama yao. Wamenitolea cheti cha maabara: sodiamu 138, ya kawaida. Miguu bado imevimba, na mume wangu kanyamaza. Nifanyeje? Mkaza mwana, Tanga.*

Mwanangu, cheti kiko sawa, wanaokisoma ndio wamekosea. Kipimo hicho huonyesha ukolevu wa sodiamu katika damu, si jumla iliyomo mwilini. Ukionja kijiko cha mchuzi utajua umekolea vipi, hutajua sufuria ina lita ngapi. Chumvi inapobaki mwilini huvuta maji: mama anasikia kiu, anakunywa, maji hayatoki, na kipimo kinatulia kati ya 135 na 145 huku miguu ikijaa.

Figo nzima huchuja kama lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu maji yote na chumvi yote, zikitoa ya ziada tu kwenye mkojo. Za mama zimepoteza vichujio vingi, na vilivyobaki havitoi chumvi kwa kasi inayoingia. Isitoshe, figo iliyoumia mara nyingi humwaga renini, nayo huishia kuamsha homoni ya aldosteroni, ambayo huziamuru figo zizuie chumvi kana kwamba mwili umepungukiwa. Na huku ukimbonyeza mguu kwa kidole, shimo linabaki! Presha hupanda, nayo inazidi kuziumiza figo zilezile.

Kila gramu 9 za chumvi zinazobaki hushika takribani lita moja ya maji, yaani kilo moja. Kwa hiyo ugomvi wenu uamuliwe na mizani. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, uandike daftarini. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku chache, hayo ni maji, mpeleke kliniki. Akikosa pumzi akilala chali, nendeni hospitali usiku huohuo.

Kama umepunguza kweli na bado anavimba, mimi nashuku vitu viwili. Kwanza, chumvi isiyotoka kwenye kopo: ng'onda, papa mkavu, vidonge vya kuungia mchuzi, hata magadi ya kulainishia maharage. Pili, dawa za magoti. Diklofenaki na ibuprofeni huzifanya figo zizuie chumvi na kuzidi kuzidhuru. Mpekue mama mkoba wake, kwa adabu. Wala asikuuzie mtu chumvi mbadala: nyingi zina potasiamu, ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Dawa za kukojoza hupangwa na daktari, usiongeze wala kupunguza mwenyewe.

Kuhusu mawifi, usibishane nao jikoni. Siku ya kliniki mchukue yule mwenye maneno mengi, aulize maswali yake mbele ya daktari. Mumeo naye aende. Mama ni wake, si wako peke yako.

Pika chungu kimoja cha nyumba nzima bila chumvi, ukiunge kwa limau, tangawizi na kitunguu saumu. Anayetaka chumvi ajiwekee kwenye sahani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri hata mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kwa hiyo mawifi hawatapungukiwa na kitu.