Faida Inapokuwa Hakimu

JUMATATU

Soma Matendo 19:18–28. Katika mji mmoja, makundi mawili ya watu yaliona kwamba Injili ingewagharimu fedha. Je, kila kundi lilifanya uamuzi wake kwa msingi gani?

Paulo alikaa Efeso zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo baadhi ya watu waliokuwa wakifanya uganga waliamini, wakaleta vitabu vyao na kuviteketeza mbele ya watu wote. Thamani yake ilihesabiwa, ikawa vipande vya fedha 50,000. Ikiwa vilikuwa drakma, na drakma moja ni takribani ujira wa kibarua kwa siku, basi kibarua mmoja angefanya kazi kila siku kwa zaidi ya miaka 130 ili kuzipata. Wangeweza kuviuza vitabu hivyo na kulisaidia kanisa changa. Lakini kila kitabu ambacho kingeuzwa kingempeleka mtu mwingine katika kifungo kile kile walichotoka wao. Wakavichoma.

Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, naye alipiga hesabu. Angalia mpangilio wa maneno yake kwa mafundi wenzake (mafungu ya 25–27). Alianza na kipato chao. Heshima ya hekalu na ya mungu mke ilikuja mwishoni. Hakuuliza hata mara moja kama aliyoyahubiri Paulo ni kweli. Hata hivyo, ghasia zilipoenea mjini, kilichosikika kwa muda wa saa mbili ni sifa za Artemi, na wengi hawakujua kwa nini wamekusanyika (mafungu ya 32, 34). Kilichoanza kama hofu ya kupoteza mapato kilionekana mbele ya watu kuwa bidii ya dini.

Biblia haisemi kwamba kujitafutia riziki ni dhambi. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako inatambua kwamba mtu huijali nafsi yake (Mathayo 22:39). Paulo mwenyewe aliwakumbusha wazee wa Efeso kwamba alifanya kazi kwa mikono yake kwa mahitaji yake na ya wenzake (Matendo 20:34). Tatizo huanza pale faida inapoacha kuwa jambo mojawapo la kufikiriwa, ikawa ndiyo inayoamua lipi ni haki.

Fikiria mama mjane, mshiriki wa kanisa, mwenye fremu moja ya duka. Mpangaji anayetoa kodi kubwa kuliko wote anataka kuuza pombe. Fedha hiyo ingelipa ada ya watoto, na zaka angeirudisha kwa uaminifu. Hitaji lake ni la kweli. Lakini watakaokunywa hapo nao wana watoto wanaosubiri ada.

Maandiko hayasemi kwamba walioteketeza vitabu walirudishiwa fedha zao. Yanasema kwamba neno la Bwana lilizidi kuenea kwa nguvu (Matendo 19:20).

Je, ni uamuzi gani ulio mbele yako wiki hii unaogusa kipato chako? Je, sababu unazowaeleza ndugu kanisani ndizo zile zile unazojieleza ukiwa peke yako? Je, kanisa lenu lifanye nini ili mjane wa namna hii asibaki peke yake na uamuzi wake?