Majilio Nyumbani: Kutoka Mshumaa wa Kwanza hadi Epifania

Majilio hayangoji Desemba mosi. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea; mwaka 2026 ni Novemba 29. Tia alama kwenye kalenda mapema, maana hapa Kibabii majuma hayo hujaa: watoto wamefunga shule, ndugu wa upande wa Kitale wangali shambani na mahindi, na wageni wa Nairobi wameanza kupiga simu. Krismasi inaweza kukukuta hujapiga goti hata mara moja.

Anza na taji la mishumaa. Kata kipande cha mgomba uliokwisha kuzaa, urefu wa kiwiko hadi vidole, ukichonge upande mmoja kikae imara mezani. Toboa matundu matano kwa kisu, mshumaa uzame kiasi cha sentimita tatu. Mgomba una maji mengi, kwa hiyo mshumaa ukiisha hauunguzi kitu. Funika ubavuni kwa matawi ya saipresi kutoka uani. Kila juma badilisha mgomba, kwani hunywea na kuanza kunuka. Mtu asikuambie taji halisi ni la dukani: Johann Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyelea watoto maskini Hamburg, alitengeneza lake mwaka 1839 kwa gurudumu kuukuu la mkokoteni.

Mishumaa mitatu ni ya zambarau, mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu, na mweupe wa katikati husubiri Krismasi. Ukikosa rangi hizo, nunua myeupe yote na uifunge utepe.

Jioni, chakula kikiondolewa mezani, washa mshumaa wa juma hilo pamoja na iliyotangulia. Someni sala ya siku ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, aliyoiandika Askofu Mkuu Thomas Cranmer kwa Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Kitabu cha 1662 kinaagiza irudiwe kila siku hadi mkesha wa Krismasi, na agizo hilo nalipenda kuliko yote ya msimu huu. Sala isomwayo majuma manne huingia moyoni. Kukhu, yaani bibi, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi ataiongoza, na mjukuu wa darasa la pili atamfuata neno kwa neno.

Kisha Injili ya Luka. Ina sura 24, nazo siku za kuanzia Desemba 1 hadi mkesha ni 24. Sura ya kwanza ina aya 80, hivyo wagawieni wasomaji watatu. Mkifika wimbo wa Mariamu, uimbeni kama mnavyouimba katika Sala ya Jioni. Mkesha wenyewe mtasoma habari za kufufuka, ndipo mwende kanisani kumlaki mtoto horini. Nasema kwa dhati, ibada ile ya usiku haitakuwa kama zamani.

Sehemu ngumu ni kungoja. Redio za matatu zitapiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba. Nyumbani ziacheni hadi tarehe 24. Imbeni za Majilio.

Kanisani, panga Masomo Tisa Jumapili ya mwisho alasiri, kabla giza halijaingia, watu wa mbali wapate kurudi salama. Ibada hii iliandaliwa na Askofu Edward Benson kule Truro, Uingereza, mwaka 1880, na Eric Milner-White akaipeleka King's College, Cambridge, mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeisha mwezi uliotangulia. Somo la kwanza lisomwe na mtoto wa Shule ya Jumapili, mengine yapande kwa umri na wadhifa, la tisa, Yohana 1, asome kasisi. Kila msomaji apewe somo lake majuma mawili kabla, alisome kwa sauti nyumbani. Kwaya isiimbe peke yake; baada ya kila somo kusanyiko lote lipate wimbo linaoujua.

Krismasi ikifika usiing'oe siku ya pili. Zipo siku 12. Desemba 26, siku ya Stefano, pelekeni kuku na unga kwa mgonjwa au mjane wa jirani, awe Mwanglikana, Mkatoliki au Mkweka. Desemba 28 ni ya watoto waliouawa na Herode. Wawekeeni watoto mikono vichwani mmoja mmoja, mkiwataja majina. Mshumaa mweupe uwake kila jioni hadi Januari 5. Kesho yake, Epifania, someni habari za mamajusi kabla ya masanduku ya shule kufungwa, kisha mgomba utupeni shambani.