Kusoma Riwaya ya Meli Ambayo Mwisho Wake Unaujua

Al Mintirib, mji wetu wa Bidiyah nchini Oman, iko ukingoni mwa mchanga wa Sharqiyah, na bahari iko Sur, zaidi ya saa moja kwa gari. Hata hivyo nyumba nyingi zinazosema Kiswahili hapa Bidiyah zipo kwa sababu ya chombo fulani kilichovuka salama kutoka Afrika ya Mashariki. Msomaji wa huku anapoishika riwaya ya kihistoria ya meli iliyozama haanzi mikono mitupu. Anachokosa ni utaratibu tu, maana riwaya za namna hii zina tabu yake: mwisho unajulikana kabla hujafunua jalada. Anayesoma ili ajue kitakachotokea atachoka mapema. Mimi nazisoma kwa kutafuta jambo moja: nani alilala wapi. Ukilifuata hilo, kitabu kinakufungukia.

Nitatumia mfano wa *Every Man for Himself*, riwaya ya Beryl Bainbridge ya mwaka 1996 kuhusu Titanic. Si nene, na lugha yake haichoshi. Ukiwa na nyingine, hatua ni zile zile.

Hatua ya kwanza: andika mwisho kwenye karatasi. Usione vibaya kujiharibia utamu, umeshaharibika tangu 1912. Andika hivi: Titanic iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912. Usiku wa tarehe 14, saa tano na dakika 40, iligonga mlima wa barafu. Saa nane na dakika 20 usiku huo huo ikazama. Ndani walikuwamo watu 2,200 hivi, wakafa 1,500 hivi. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, na nafasi zake zote ukizijumlisha ni watu 1,178. (Saa ziandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kitabu kitasema 11:40, na ukija kuwasomea wenzio utaanza kuhesabu vidole katikati ya sentensi.)

Chini yake ongeza jambo moja ambalo wahusika wa riwaya hawalijui. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilipanga idadi ya mashua kwa tani za meli, na jedwali lake liliishia kwenye meli za tani 10,000 na zaidi. Titanic ilikuwa na tani 46,000 na ushei. Kwa hiyo ilikuwa imetimiza sheria, tena ikazidisha. Muhusika yeyote atakayejisifu kwa usalama wa meli hii hasemi uongo, anasema kile ambacho karatasi za serikali zilimruhusu kukiamini. Ukilijua hilo, utaacha kumcheka.

Hatua ya pili: chora meli. Hapa ndipo pa kukaa sana. Chukua karatasi ndefu, ilaze, chora ubavu wa meli kama ulivyo ukiutazama kutoka gatini. Juu kabisa weka sitaha ya mashua. Chini yake vyumba vya daraja la kwanza, ambavyo vilikaa zaidi katikati ya meli, pahala pasipoyumba sana. Daraja la pili nyuma kidogo. Daraja la tatu lipasue vipande viwili: wanaume wasio na wake uwaweke omo, wanawake wasio na waume pamoja na familia uwaweke tezi. Ndivyo kampuni yenye meli ilivyowagawa. Chini kabisa weka makaa, matanuri, na watu waliokuwa wakiyalisha usiku na mchana.

Sasa chora mstari kutoka kitanda cha kila muhusika hadi kwenye mashua. Wa daraja la kwanza anapanda ngazi mbili tatu na yuko juu. Wa omo chini anasikia maji kabla ya wote, lakini safari yake hadi kwenye mashua ni ya korido na ngazi asizozijua, katika meli ambayo sehemu zake nyingine alikuwa haruhusiwi kuzikanyaga. Ukimaliza mistari hiyo utakuwa umeshaelewa kwa nini watoto wa daraja la kwanza na la pili waliokolewa karibu wote, na wale wa daraja la tatu wakafa zaidi ya nusu.

Msimulizi wa Bainbridge ni kijana wa kubuni aitwaye Morgan, anayesafiri daraja la kwanza pamoja na matajiri wenzake. Macho yake ni ya juu. Kila anaposhuka chini, hata kwa aya moja, tia alama ya penseli pembeni. Alama zitakuwa chache, na uchache wenyewe ni habari.

Hatua ya tatu: tenga walioishi na waliobuniwa. Nyuma ya karatasi piga mstari katikati. Upande mmoja Nahodha Smith, Ismay wa kampuni ya meli, Thomas Andrews aliyeisanifu meli, na abiria matajiri Astor na Guggenheim. Upande wa pili Morgan na rafiki zake. Waliobuniwa mwandishi awafanye atakavyo. Kwa walioishi, kuwa mkali.

Ukali huo una sababu. Katika filamu ya *Titanic* ya mwaka 1997, afisa William Murdoch anaonyeshwa akiwapiga abiria risasi, kisha anajiua. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyefanya hivyo. Murdoch alikuwa mtu wa Dalbeattie, mji mdogo wa Scotland, na jamaa zake na watu wa mji wake walikuwa bado wanalitunza jina lake. Wakalalamika. Mwaka 1998 mkubwa mmoja wa studio alikwenda hadi Dalbeattie kuomba radhi, na skuli ya mji ikapewa paundi 5,000. Sisi tuliokulia katika nyumba ambazo nasaba inasomwa hadi babu wa saba tunaelewa haraka ghadhabu ya watu wale. Kwa hiyo kila riwaya inapompa maiti wa kweli maneno ya aibu, weka alama ya kuuliza, na usiyahadithie barazani kama habari.

Hatua ya nne: pima mwendo wako. Kurasa za kabla ya barafu zisome pole pole, kidogo kidogo kila siku, maana huko ndiko mwandishi anakopanga watu wake kwenye vyumba. Kuanzia mgongano usisimame tena hadi mwisho. Meli ilichukua saa mbili na dakika 40 kuzama, na msomaji wa kawaida anaweza kuzisoma kurasa hizo kwa muda usiopishana sana na huo. Mchana wa Julai, wakati wa tabsil, watu wanapochemsha tende za mabsali na nje hakukaliki, ndio wakati mzuri. Jambo moja tu litakupa shida: baridi. Maji yalikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri, chumvi ndiyo iliyoyazuia yasigande. Wengi wa waliokuwa majini walikuwa wamevaa maboya na walikuwa wakielea. Kilichowaua ni baridi. Riwaya ikisema kelele za majini zilinyamaza baada ya muda, ujue ndiyo hiyo baridi inayosemwa.

Hatua ya tano: weka Dara kando ya Titanic. Hatua hii usiiruke. Dara ilikuwa meli ya British India, ya tani 5,000 hivi, iliyoundwa 1948, ikifanya safari za Bombay, Karachi, Muscat na bandari za Ghuba hadi Basra. Tarehe 7 Aprili 1961 ilikuwa nje ya Dubai ikishusha na kupakia, dhoruba ikaingia. Nahodha akaitoa bahari kuu. Kabla ya alfajiri ya tarehe 8, wakati inarudi, mripuko ukatokea ndani na moto ukatanda. Ilizama tarehe 10 ikiwa inavutwa. Walikuwamo watu zaidi ya 800, wakafa 238. Uchunguzi uliofanywa London uliona kwamba kilichoripuka ni bomu lililotegwa.

Walio wengi walikuwa abiria wa deki, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Oman. Lakini tazama hili pia: melini walikuwamo watu ambao hawakuwa wasafiri kabisa. Walipanda kuwaaga jamaa zao, au kubeba mizigo, au kwa shughuli za bandari, dhoruba ikawakatia njia ya kushuka. Mwandishi wa riwaya angepata wapi muhusika kama huyo? Rudi kwenye mchoro wako wa Titanic ujaribu kumpangia chumba.

Hatua ya sita: mpelekee mzee, kwa adabu. Kwanza jua nani amekaa barazani. Kama kuna mtu wa Pemba aliyefiwa na jamaa katika kuzama kwa meli ya Spice Islander usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, sura za kuzama usizisome kwa sauti. Soma za chakula na nguo, zinatosha.

Kama njia ni nyeupe, toa shikamoo, mimina kahawa, soma kurasa mbili, kisha funga kitabu. Usiulize, "Mliogopa?" Utajibiwa alhamdulillahi na mambo yataishia hapo. Uliza, "Bibi, mlilala wapi melini?" Aliyepanda meli ya Karanja au Kampala atakwambia kama ilikuwa deki au chumbani, nani alikuwa ubavuni pake, mkeka ulitandikwa upande gani ili upepo usiwapige, na maji ya kunywa yalikuwa wapi. Aliyekuja kwa jahazi atakuonyesha kwa mkono omo ilikuwa wapi na akina mama walisitiriwa wapi. Akikosea mwaka, mwache. Akitaja jina la aliyefia safarini, liandike hapo hapo, pamoja na la baba yake, na umuulize taratibu alizikwa nchi gani au alitupwa bahari ya wapi. Karatasi hiyo usiichanganye na ile ya Titanic.