Mtoto Mwerevu Kabla ya Shule

Nyumba ni shule ya kwanza ya mtoto, na baba na mama ni walimu wake wa kwanza. Neno hili lawahusu hasa wazazi waliojaliwa mtoto mwepesi wa akili, yule ambaye katika umri wa miaka minne au mitano huuliza sababu ya kila jambo, na hukumbuka hadithi aliyoisikia mara moja tu.

Nchini Kongo shule ya watoto wadogo hupokea watoto tangu miaka 3, na shule ya msingi tangu miaka 6. Mjini Lubumbashi shule za watoto wadogo zipo, lakini ada yake huwashinda wengi. Vijijini mara nyingi hazipo kabisa. Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019, ni ya shule ya msingi. Basi miaka ile ya kwanza yabaki mikononi mwa wazazi.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni kumwacha mtoto bure, mpaka akili yake ilale. Ya pili ni kumharakisha, nayo hujificha katika upendo. Baba humkaririsha mtoto maneno ya Kifaransa mbele ya wageni, na wageni hupiga makofi. Lakini kasuku naye husema, wala haelewi asemalo.

Kwa hiyo yafaa kuweka utaratibu: saa moja kila asubuhi, iliyogawanywa katika robo nne.

Robo ya kwanza ni ya kusema. Mzazi asimulie hadithi fupi katika lugha ya nyumbani, kisha mtoto airudie kwa maneno yake mwenyewe.

Robo ya pili ni ya hesabu. Mtoto apewe maharagwe 10, ayagawe katika mafungu mawili kwa kila njia iwezekanayo. Mama auzaye makala na amwulize: mafungu yalikuwa 5, yameuzwa 2, yamebaki mangapi?

Robo ya tatu ni ya mikono. Udongo wa kichuguu ukiloweshwa wafinyangika vema, na vidole vilivyozoea kufinyanga vitaishika kalamu bila taabu.

Robo ya nne ni ya herufi. Maria Montessori, mganga aliyefungua nyumba ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kuziandika. Nyumbani yatosha mchanga mkavu katika sinia. Mtoto aanze na a, e, i, o, u. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili chafaa kutangulia, kwa kuwa herufi zake hazibadili sauti ovyo. Katika Kifaransa herufi tatu, e, a na u, zikiungana husomwa o. Kifaransa kitakuja kwa wakati wake.

Mtoto akichoka, somo likome. Akitaka zaidi, asiongezewe muda, bali aongezewe ugumu: mafungu matatu badala ya mawili.

Alasiri acheze na wenzake, ajifunze kungoja zamu. Darasani atakuta watoto wengi na mwalimu mmoja. Mwerevu asiyejua kungoja atakuwa msumbufu, na kipaji chake kitaitwa utundu. Tena, atimizapo miaka 6 apelekwe shuleni bila kuchelewa, maana somo la nyumbani ni matayarisho tu.

Maswali

Swali: Mtoto mwerevu afundishwe muda gani kila siku?
Jibu: Saa moja tu, kwa vipande vifupi.

Swali: Kwa nini aanze kusoma katika Kiswahili?
Jibu: Ili aelewe asomacho, asiwe kama kasuku.

Swali: Mbali na hesabu na herufi, ajifunze nini?
Jibu: Kungoja zamu yake kati ya wenzake.