SOMO: Maji ya kisima cha lupango: shida gani, dawa gani?



Kwetu watu wengi wanateka maji kwenye kisima cha lupango. Tunaangalia ndani ya ndoo, maji yanang'aa, tunasema: "Mayi iko safi, tukunywe." Lakini macho hayaoni mikrobu, wala madini yaliyoyeyuka. Kabla ya kutoa franka zako kununua filtri ao dawa, jiulize kwanza: maji yangu yana shida gani? Dawa ya shida moja haiponyeshi ingine.

SHIDA YA KWANZA: MIKROBU

Zinatoka kwenye vyoo, kwa mifugo, na kwa kamba na ndoo inayowekwa chini. Zinaleta kuhara, tifoidi na kolera. Wakati wa mvua hatari inaongezeka, juu maji ya chini yanapanda na kukaribia mashimo ya vyoo. Njia ziko ine:

- Kutokotesha. Kwa urefu wa Kolwezi, minuti 1 ya kutokota kwa nguvu inatosha. Ukiacha nusu saa, unachoma makala bure.
- Vidonge vya klori. Kidonge cha miligramu 67 ni cha litre 20 za maji yanayong'aa. Ngojea minuti 30. Kama maji yana matope, chuja kwanza na kitambaa safi. Javeli nayo inaweza kusaidia, lakini nguvu yake haifanane kwa chupa zote: usikisie, uliza munganga. Ile ya harufu ya maua hapana.
- Filtri ya udongo wa kuchomwa. Haili makala. Isugue na brashi maji yakianza kupita polepole. Ikipasuka, usiitumie tena.
- Jua. Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi litre 2, iache juani saa 6. Kukiwa mawingu, siku 2.

Sasa fanya hesabu. Jamaa inayokunywa litre 20 kwa siku inahitaji vidonge 30 kwa mwezi. Uliza bei ya vidonge 30, uilinganishe na makala ya mwezi mzima. Chagua njia ambayo utaweza kuifuata kila siku, hata mwisho wa mwezi.

SHIDA YA PILI: MADINI

Hapa tunaishi juu ya shaba na kobalti. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao kule Kasulo: watu waliokaa karibu na mashimo walikuwa na kobalti nyingi ndani ya mkojo, na watoto walizidi. Vumbi la nyumbani pia lilikuwa na kobalti. Kwa hiyo funika kisima, funika bidoni.

Sikilizeni vizuri: kutokotesha hakuondoi madini. Mvuke unaenda, madini yanabaki ndani ya chungu. Klori, jua na filtri ya udongo pia haviyaondoi. Filtri ya osmosi inaweza, lakini inahitaji presha ya maji, inamwaga maji mengi, na sehemu zake lazima zibadilishwe. Kwa nyumba nyingi za kwetu ni mzigo.

Tufanye nini basi? Kama kisima kiko karibu na kariere ao mahali pa kuoshea mawe, maji yapimwe kwenye laboratware. Ladha nzuri si ushuhuda. Wanachama wanaweza kuchanga, waanze na visima vilivyo karibu zaidi na machimbo. Kama madini yamezidi, tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia: bomba, ao forage iliyopimwa. Muuzaji akisema kifaa chake kinaponyesha yote, mwombe akuonyeshe kipimo.

KAZI YA MKUTANO UJAO

1. Pima hatua kutoka kisima mpaka choo, chako na cha jirani. Metre 30 ndiyo salama.
2. Je, kisima kina ukingo, kifuniko, na ndoo yake moja tu?
3. Ni visima gani vya kwetu vitapimwa kwanza?

Na baada ya kusafisha, weka maji ndani ya bidoni yenye kifuniko, ukunywe kwa kumimina. Mkono wa mtoto ndani ya ndoo unaharibu kazi yote.