Tangazo ni Ahadi

Atangazaye bidhaa hasemi maneno ya upepo, anaahidi.

Mwaka 1891, katika mji wa London, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza gazetini mpira wenye dawa ya kuvuta puani. Ikasema: atakayeutumia mara tatu kila siku, kwa wiki mbili, kisha akashikwa na homa ya mafua, atalipwa paundi 100; na paundi 1,000 zimekwisha wekwa benki. Bibi Louisa Carlill akaununua, akautumia kama alivyoagizwa, na homa ikamshika. Alipodai haki yake, kampuni ilijitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya kunadi tu. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani iliamua alipwe, kwani aliyetaja fedha na benki hakukusudia mzaha.

Basi neno bayana ndilo livutalo mnunuzi, na ndilo limfungalo muuzaji. Na kunyamazia kasoro nako ni uongo: Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini imeloa, alimkemea mwenyewe kwa kuificha. Mwenye kutangaza na apime ulimi wake kama apimavyo mizani yake.